Jua ni Moja, Mapaa ni Mengi

Dada yetu mmoja alitumia akiba yake ya chama kununua paneli ya sola. Fundi akaiweka penye wepesi kwake, ubavuni mwa mnazi. Kila alasiri kivuli kiliifunika, na usiku taa zikazimika watoto wangali wanadurusu. Akailaumu paneli, kumbe kosa lilikuwa la mahali.

Mama zetu, kabla ya kuuliza bei, tazameni paa. Kivuli cha tawi moja tu chaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima. Mombasa iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 4 hivi. Basi paneli na ielekee kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hivi, ili mvua ioshe vumbi. Iachiwe nafasi ya upepo juu ya bati, kwani kadiri paneli inavyopata moto ndivyo umeme wake unavyopungua. Chumvi ya bahari nayo hula vyuma. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Tena hesabu ifanywe kwa mawingu ya masika, si kwa jua la Januari.

Mahali pasipofaa hudai paneli zaidi na waya mrefu zaidi, na hiyo ni israfu iwezayo kuepukwa. Nawe unayetaka kuongeza ghorofa, mshauri kwanza jirani ambaye jua lake utalikinga; hiyo ni katika haki za ujirani.

Wabillahi tawfiq.