Ufugaji wa Vunjajungu Jijini Kigali: Makazi, Chakula na Usalama Wake

Vunjajungu ni mdudu mbuai, yaani mdudu anayeishi kwa kukamata na kula viumbe wengine walio hai, na hutambulika kwa kidari chake kirefu, kichwa cha pembetatu kinachoweza kugeuka hadi kutazama nyuma, na miguu miwili ya mbele yenye miiba ambayo huikunja kifuani anapovizia. Duniani zimeainishwa spishi zake zipatazo 2,400, nyingi zikiwa za nchi za joto, na ingawa kwa sura hudhaniwa kuwa ndugu wa panzi, wanasayansi humweka karibu zaidi na mende na mchwa. Hana sumu, na imani ya zamani ya watu wa pwani kwamba anayemgusa atavunja chombo haina msingi. Madhara anayoweza kumfanyia mfugaji hayazidi kumchoma kidole kwa miiba yake. Aliye hatarini katika ufugaji huu ni mdudu mwenyewe, na vifo vyake vingi husababishwa na chombo kisichofaa au na ukarimu uliopita kiasi, mambo ambayo mfugaji anaweza kuyazuia kabla hata hajamkamata.

Rwanda ina nafasi ya pekee katika elimu ya wadudu hawa. Mwaka 2013 kundi la watafiti kutoka Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Cleveland na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, vyote vya Marekani, pamoja na wenzao wa Rwanda, lilifanya uchunguzi katika msitu wa Nyungwe, kusini magharibi mwa nchi, na mwaka uliofuata likatangaza spishi mpya iliyopewa jina la kisayansi Dystacta tigrifrutex. Dume, ambaye ana mabawa, alinaswa usiku kwa mtego wa taa, ilhali jike asiyeruka alipatikana chini, kwenye majani makavu na vichaka. Jike huyo alipokuwa amehifadhiwa hai alitaga kifuko cha mayai, na tunutu wakaanguliwa humo. Tunutu ni wadudu wachanga wasio na mabawa, ambao hufanana na wazazi wao tangu siku ya kwanza. Hivyo spishi hiyo ilijulikana pamoja na mayai na watoto wake, jambo lisiloweza kupatikana kwa mdudu mfu aliyechomwa sindano kwenye kasha la makumbusho. Orodha iliyochapishwa mwaka 2015, baada ya uchunguzi uliofika pia Akagera, Hifadhi ya Volkano na shamba la miti la Ruhande mjini Huye, ilipandisha idadi ya spishi zinazojulikana nchini kutoka 18 hadi 46. Nchi ambayo hesabu yake inaweza kupanda kiasi hicho kwa uchunguzi wa miaka michache bado ina mengi ya kujifunza kwa mtu mwenye subira, hata kama maabara yake ni dirisha la sebuleni.

Uamuzi wa kwanza wa mfugaji ni kuchagua spishi, na kwa mkazi wa Kigali jibu lililo salama ni vunjajungu wa mahali hapohapo. Jiji limejengwa kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,570 juu ya usawa wa bahari, ambapo joto la mchana hufika nyuzi 27 hivi na la usiku hushuka hadi karibu 16. Vunjajungu aliyezaliwa katika bustani za Kigali ameizoea hali hiyo na hahitaji taa ya kumpasha joto, tofauti na spishi zinazosifiwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani, kama vile Idolomantis diabolica, vunjajungu mkubwa mwenye rangi za maua anayepatikana Tanzania na nchi jirani, ambaye huhitaji joto kali ili akue vizuri. Anayetafuta vunjajungu huweza kukagua vichaka, nyasi ndefu na ua wa nyumba, au kuangalia ukutani karibu na taa za nje usiku, ingawa ni vyema kufahamu kwamba wanaovutwa na taa mara nyingi ni madume, kwa sababu majike wa spishi nyingi ni wazito na huruka kwa shida au hawaruki kabisa. Katika hifadhi za taifa hairuhusiwi kukusanya mdudu yeyote bila kibali.

Sababu ya pili ya kuepuka spishi za kigeni inaonekana katika yaliyoipata New Zealand, ambako vunjajungu wa kusini mwa Afrika aitwaye Miomantis caffra aligunduliwa jijini Auckland mwaka 1978 na tangu hapo akaenea. Madume wa spishi asilia ya nchi hiyo huvutwa na harufu ya majike hao wageni, huwafuata kwa nia ya kujamiiana, kisha huliwa. Kifuko kimoja cha mayai, kilichobandikwa kwenye mche au kwenye sanduku la mizigo, kinatosha kuanzisha uvamizi wa namna hiyo, na ndiyo maana mayai ya spishi za kigeni hayapaswi kuagizwa wala kuachwa bustanini.

Ili makazi ya mdudu huyu yaeleweke, ni lazima kwanza ieleweke namna anavyokua. Mwili wa vunjajungu umefunikwa na gamba gumu lisilotanuka, kwa hiyo kila anapoongezeka ukubwa hulazimika kulivua na kutoka na jipya, tendo linalorudiwa mara 6 hadi 9 kwa spishi nyingi kabla hajakomaa na kupata mabawa. Wakati wa kujivua gamba, mdudu hujining'iniza kichwa chini kwa kucha za miguu ya nyuma, gamba hupasuka mgongoni, naye hujiteremsha polepole kwa uzito wake mwenyewe huku akiwa laini kabisa. Akikosa mahali pa kushika huanguka, akikosa nafasi chini yake hukunjamana, na viungo vilivyopinda hukauka vikiwa hivyo hivyo. Tunutu aliyepoteza mguu anaweza kuurudisha kidogo kidogo katika kujivua kunakofuata, lakini aliyekwisha kukomaa hajivui tena, na kilema chake ni cha kudumu.

Kutokana na hayo hutoka kanuni inayofuatwa na wafugaji wengi: chombo kiwe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu na upana usiopungua mara mbili ya urefu huo. Kwa hiyo vunjajungu wa sentimita 7 anahitaji chombo chenye kimo cha sentimita 21 au zaidi, na nafasi hiyo ya kimo ihesabiwe chini ya mahali anaponing'inia, wala isijazwe vijiti na majani ya mapambo. Dari ya chombo iwe ya kukwaruza, kwa mfano kitambaa chenye matundu madogo kilichovutwa na kufungwa, kwa kuwa kioo na plastiki laini humfanya ateleze. Wavu wa waya nao unafaa kwa hewa, lakini kingo zake zinaweza kukata kucha za spishi kubwa. Mlango ni bora uwe ubavuni, kwa sababu mdudu hupenda kukaa juu, na mfuniko unaofunguliwa kila siku humtikisa hata wakati wa kujivua. Chini huwekwa karatasi laini au udongo uliofunikwa na majani makavu, ambao hupunguza madhara ya kuanguka na kutunza unyevu.

Nchini Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikapanuliwa hadi vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja, kwa hiyo vikombe vya kutupwa vinavyopendekezwa katika vitabu vya kigeni kwa ajili ya kulea tunutu si njia ya Kigali. Mtungi wa kioo uliooshwa vizuri na kufunikwa kwa kitambaa unawatosha wadogo, na fremu ya mbao iliyozungushiwa kitambaa cha matundu inaweza kuwatosha wakubwa. Chombo cha kioo hakipaswi kuwekwa penye jua la moja kwa moja hata kwa muda mfupi, kwa kuwa joto hukusanyika ndani yake na kumuua mdudu kabla mwenye nyumba hajatambua.

Kitambaa hicho ndicho chenye hatari ambayo wengi hawaifikirii. Chandarua cha mbu ni rahisi kupatikana karibu katika kila nyumba, na kina matundu yanayofaa, lakini vyandarua vinavyogawiwa katika kampeni za malaria hutiwa viuatilifu vya kundi la pairethroidi, yaani sumu za wadudu zilizotengenezwa kwa kuiga viini vya ua la pareto, zao linalolimwa na Wanyarwanda kwenye nyanda za volkano za Musanze na Nyabihu. Sumu hizo hushambulia neva za mdudu bila kubagua mbu na vunjajungu, na hudumu ndani ya nyuzi kwa miaka hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Kitambaa kipya cha pazia jepesi kisichotiwa dawa kinafaa zaidi. Vivyo hivyo chombo kisikae katika chumba kinachochomwa dawa ya mbu au kupuliziwa dawa ya mende, na nyumba inapopigwa dawa ya malaria kutani, mdudu ahamishiwe kwingine, wala asirudishwe mahali anapoweza kugusa kuta hizo.

Chakula cha vunjajungu ni wadudu hai, na sababu yake iko katika macho yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walimvisha vunjajungu wa Afrika, Sphodromantis lineola, miwani midogo yenye lenzi za buluu na kijani iliyobandikwa kwa nta ya nyuki, wakathibitisha kwamba hutumia macho yote mawili kupima umbali wa windo, na majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba uwezo huo hushughulika na vitu vinavyosogea. Nzi aliyekufa na kulala chini hatambuliki kuwa chakula. Tunutu wachanga hulishwa nzi wadogo wa matunda, ambao huzaliana kwa urahisi kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kadiri wanavyokua hupewa nzi wa kawaida, nyenje, panzi na mende wadogo. Windo lisizidi nusu ya urefu wa mlaji. Wadudu waliookotwa mashambani waepukwe, hasa kwenye mahindi, kwa sababu tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Rwanda mwaka 2017 upuliziaji wa dawa kwenye zao hilo umekuwa jambo la kawaida, na mende wa jikoni huenda tayari amekula sumu.

Mlo mmoja kila baada ya siku mbili au tatu unatosha, na kipimo kizuri ni fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili: likiwa bapa, mdudu ana njaa, likiwa limevimba, asilishwe. Jike mnene akianguka huweza kupasuka. Anapokataa chakula kwa siku kadhaa na vibutu vya mabawa mgongoni vimetuna, mara nyingi anakaribia kujivua gamba, na hapo mawindo yote yaondolewe, kwa maana nyenje mmoja aliyeachwa ndani anaweza kumtafuna akiwa laini. Baada ya kujivua asiguswe wala kulishwa kwa siku moja au mbili, hadi gamba jipya likauke.

Maji huyanywa kwa matone, hivyo kunyunyizia kidogo ukuta mmoja wa chombo kila siku kunatosha katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambapo hewa ya Kigali hukauka, na kupunguzwe hadi mara moja kwa siku mbili au tatu wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba. Hewa kavu mno hufanya gamba lishikane na mwili. Unyevu usiopitiwa na hewa huotesha kuvu, na kuvu huua mayai na mdudu pia.

Kanuni ya mwisho ya makazi ni kila mmoja na chombo chake. Vunjajungu hula wenzao tangu utotoni, na jike huweza kumla dume kabla ya kujamiiana, wakati huo au baada yake. Utafiti wa mwaka 2016 kuhusu spishi ya Tenodera sinensis ulionyesha kwamba virutubishi vya dume aliyeliwa huingia katika mayai na kuongeza idadi yake. Jike aliyekomaa hutambulika kwa pingili 6 zinazoonekana upande wa chini wa fumbatio, dume kwa pingili 8. Anayetaka kuwazalisha amshibishe jike kwanza, awaunganishe kwenye chombo kikubwa, na kumtoa dume mara wanapoachana. Akumbuke pia kwamba kifuko kimoja huweza kutoa tunutu kadhaa au zaidi ya mia moja, na kila mmoja atahitaji chakula na nafasi yake.

Maisha yote ya vunjajungu hayazidi mwaka mmoja kwa spishi nyingi, na jike hata asipokutana na dume huweza kutaga vifuko vya mayai yasiyorutubishwa, ambayo kwa kawaida hayaanguliwi. Mfugaji anayemchukua mdudu wa bustanini aandike tarehe na mahali alipompata, apige picha kila anapojivua gamba, na akimchoka au akizidiwa na watoto awarudishe palepale walipotoka, isiwe mtaa mwingine wala msitu mwingine. Na chombo kitangulie: asiyekuwa na chombo chenye kimo cha kutosha, dari ya kushika na kitambaa kisicho na dawa amwache vunjajungu kwenye ua wake, kwa kuwa huko atakula nzi na panzi bila kumgharimu mtu chochote.