Vitamini D Hai na Afya ya Figo: Dawa Isiachwe wala Isitumike Kiholela

Mkoa wa Simiyu haujapungukiwa jua. Mkulima wa pamba wa Bariadi hushinda shambani, na ngozi yake hutengeneza vitamini D kwa miale ya jua hilo. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa wa figo huandikiwa vitamini D hospitalini, jambo linalowashangaza wengi.

Sababu ni kwamba vitamini itokayo kwenye ngozi au chakula huwa bado haijawa tayari kutumika. Hubadilishwa kwanza na ini, kisha figo huikamilisha na kuifanya kuwa hai. Figo zilizodhoofika, mara nyingi kutokana na kisukari au shinikizo la damu, hushindwa kazi hiyo. Hapo kalsiamu hupungua katika damu, na tezi nne ndogo zilizoko shingoni hutoa homoni inayochota madini hayo kutoka kwenye mifupa. Mifupa hudhoofika, huuma na huweza kuvunjika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, daktari huweza kutoa kalsitrioli, ambayo tayari ni hai, au alfakalsidoli, ambayo hukamilishwa na ini bila kuhitaji figo.

Dawa hizi hazikusudiwi kuponya figo. Aidha, mgonjwa anayezitumia anaweza kuona kipimo cha kreatinini kimepanda. Kreatinini ni taka itokanayo na misuli, na kupanda kwake kwa kawaida huashiria kwamba figo zinachuja kidogo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Marekani kuhusu parikalsitoli, dawa ya kundi hilo, ulionesha kwamba kreatinini ilipanda kwa sababu mwili uliizalisha kwa wingi zaidi, ilhali uchujaji wenyewe, ulipopimwa moja kwa moja, haukupungua.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba kila ongezeko ni salama. Dozi ikizidi, kalsiamu hupanda kupita kiasi na huweza kuziumiza figo kwa kweli. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kufunga choo na kuchanganyikiwa. Ni daktari pekee, kwa kupima kalsiamu, fosforasi na kreatinini kwa pamoja, anayeweza kutofautisha hali hizi mbili.

Kwa hiyo, wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Mgonjwa asiache dawa kwa kuona namba imepanda. Arudi kwa daktari wake na majibu yote, ya zamani na mapya.
2. Asinunue wala kuongeza vidonge vya vitamini D au kalsiamu bila ushauri wa daktari.
3. Amweleze mtaalamu dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili na za maumivu.
4. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aulize katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu jinsi ya kupimwa figo mapema. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini kwa muda mrefu bila kujionesha.