Lori Kuukuu Katika Baridi ya Kabale: Kuisikiliza Injini Alfajiri

Lori linaloondoka Kibuye, katika Divisheni ya Makindye, likiwa limesheheni saruji au sabuni, hupita Masaka na Mbarara na aghalabu hufika Kabale usiku. Limekwenda zaidi ya kilomita 400, na limepanda kutoka kimo cha takriban mita 1,200 hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Dereva hulala humo humo garini akingoja kupambazuke ili aendelee hadi mpakani Katuna. Alfajiri ya Juni au Julai huweza kuwa na nyuzi 10 za Selisiasi, na pengine chini ya hapo. Anapozungusha ufunguo, injini inajikokota, kisha inawaka kwa kishindo kama cha nyundo juu ya chuma. Moshi mweupe unatanda barabarani, na mlima wa kwanza unamshinda. Ifikapo saa tatu, kelele imekwisha.

Siku mbili baadaye mwenye lori analipeleka Katwe, penye mafundi wengi na hodari. Fundi analisikiliza adhuhuri, injini ikiwa moto, wala hasikii kitu. Anabadilisha nozeli kwa kubahatisha. Fedha zimekwenda, na safari ijayo sauti ileile inamngoja dereva kule kule mlimani.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza ugonjwa wa injini unaihusu vipi jarida la polisi. Unatuhusu kwa sababu ya yale ambayo dereva hufanya anapokata tamaa na lori lisilowaka. Wapo wanaoegesha mtelemkoni makusudi usiku, ili asubuhi waliachie lori liviringike na kuwaka lenyewe kwa gia. Malori mengi ya zamani ya ukubwa wa kati, kama Fuso Fighter zinazobeba mazao katika barabara zetu, hutegemea hewa iliyoshindiliwa ili breki zishike. Hewa hiyo hujazwa na injini inayozunguka. Lori lililolala usiku kucha na mitungi yake ikavuja halina breki ya kutegemewa mpaka injini iwake na sindano ya kipimo cha hewa ipande. Anayeliviringisha kabla ya hapo amelikabidhi barabara, na chini ya mtelemko huo pana watoto waendao shule na akina mama wenye mizigo kichwani.

Njia iliyo bora ni kuujua ugonjwa wenyewe, na shahidi wa pekee aliyepo ugonjwa unapojitokeza ni dereva. Baridi hii yetu si ile ya Kanada, ambako dizeli huganda ndani ya tangi. Baridi ya Kabale haileti ugonjwa mpya. Hufichua ule ambao joto la Kampala lilikuwa likiuficha.

Injini ya dizeli haina cheche ya plagi kama ya petroli. Pistoni huishindilia hewa hadi iwe moto wa nyuzi mia kadhaa, ndipo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo hushika moto yenyewe. Chuma kikiwa baridi, hewa hupoteza sehemu ya joto lake kwenye kuta za silinda. Dizeli huchelewa kidogo kuwaka, hujikusanya, kisha huwaka yote kwa mpigo mmoja. Mpigo huo ndio mgongo unaosikika. Katika injini nzima hupungua baada ya dakika chache. Katika injini iliyochoka, ambayo ringi zake zimelika na hewa inapenya pembeni mwa pistoni, hudumu kwa muda mrefu, na huandamana na moshi mweupe unaowasha macho, kwani moshi huo ni dizeli ambayo haikuungua.

Basi jambo la kwanza kuandikwa kwenye daftari ni muda: sauti ilianza lini, na ilikoma lini? Mgongo wenye mwangwi, kama wa kugonga debe tupu, unaotoweka injini ikipata joto, aghalabu ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Joto huitanua na nafasi hujaa. Lori la namna hiyo linaweza kuendelea na kazi kwa kitambo likiangaliwa. Kinyume chake ni mgongo mzito wa chini, unaozidi kadiri injini inavyopata moto na oili inavyokuwa nyepesi. Huo ni wa beringi za mkono wa pistoni. Ukiusikia, na kipimo cha presha ya oili kikashuka, zima injini hapo hapo; kufika Katuna si lazima tena. Mlio mkali wa kukwaruza unaodumu dakika moja asubuhi yenye umande huwa ni mkanda wa feni tu, ingawa mimi nimewahi kumwona dereva akifunguliwa nusu ya injini kwa ajili yake.

Mgongo wa silinda moja peke yake, wenye mdundo usiobadilika, huashiria nozeli mbovu. Fundi huitambua kwa kulegeza bomba moja moja injini ikiunguruma na kusikiliza ni lipi likilegezwa mgongo huo hutoweka. Kazi hiyo ni ya fundi. Dizeli itokayo kwenye nozeli ina presha ya kupenya ngozi, na jeraha lake, hata likionekana dogo kama la mwiba, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Rangi ya moshi nayo iandikwe. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi wakati wa kupanda mlima ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo, na kabla ya kuilaumu pampu, litazamwe chujio la hewa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huelekeza kwenye gaskiti ya juu ya injini.

Kuhusu uzito wa lori, tuanze na haki ya injini yenyewe. Kwa sababu ya kimo peke yake, hewa ya Kabale ni nyepesi kuliko ya Kampala kwa karibu asilimia 8, na injini isiyo na turbo huhisi upungufu huo. Lakini lori likiwa zito kupita hapo, yapo mambo ambayo dereva anaweza kuyapima bila spana. Apige pampu ya mkono ya dizeli kabla ya kuwasha. Ikiwa siku hiyo injini inashika mara moja, basi usiku dizeli ilikuwa ikirudi tangini kwa sababu hewa inaingia kwenye bomba au kiungio fulani, na dawa yake ni bei ya bomba tu. Atazame pia kama kilango cha breki ya ekzosti kimekwama nusu kufungwa, kwani injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta. Na baada ya mwendo mfupi asimame mahali tambarare, asogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa; lenye moto kuliko mengine lina breki ambayo haikuachia.

Kosa lililoenea kuliko yote, hata hivyo, tumelifanya wenyewe. Injini ikichemka mara moja katika joto la bondeni, fundi wa haraka huichomoa themostati na kuitupa. Kifaa hicho hufungia maji ndani ya injini mpaka yafikie karibu nyuzi 80, kisha huyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Kisipokuwepo, maji huzunguka tangu mwanzo, na katika baridi ya Kabale injini inaweza kusafiri saa nzima bila kupata joto lake. Sindano ya kipimo hubaki chini, mgongo haukomi, dizeli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi hulika. Ukiona sindano haifiki katikati hata baada ya mlima, uliza kwanza kama themostati ipo. Kama injini ilichemka, iliyohitaji tiba ilikuwa rejeta, pampu ya maji au feni.

Pana neno pia juu ya dizeli ya magendo ya madumu inayouzwa vichochoroni mpakani. Ikichanganywa na mafuta ya taa, huchelewa zaidi kuwaka na haiilainishi pampu inavyotakiwa. Kelele huongezeka na nguvu hupungua. Mara nyingi huwa na maji pia. Dereva aliyejaza dumu la namna hiyo jana alitaje kwa fundi, hata kama ana haya.

Moto chini ya injini usiwashwe kamwe, si wa matambara wala wa jiko la makaa. Pale chini huwa pana oili iliyovuja, na tangi haliko mbali. Kama mota ya kuwasha inazunguka polepole, pimeni betri na nyaya zake, na ulizeni oili iliyotiwa ni ya aina gani. Ile ya nambari 40 pekee huwa nzito asubuhi kuliko 15W-40.

Daftari hilo likishajazwa, lipelekwe Katwe pamoja na lori, na lori lisipelekwe adhuhuri. Makindye haina baridi ya Kabale, ila injini iliyolala usiku kucha hueleza mengi kuliko iliyozimwa sasa hivi. Liachwe gereji tangu jioni, mtu yeyote asiliguse, na fundi aombwe aliwashe mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, dereva akiwa amesimama kando yake.