Kutubu Haionekani Ijara

Hatua ya kwanza kwenye kijitabu cha maelekezo ya kupiga picha za nyota ilikuwa fupi: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Nilikuwa nimeipitia mara nyingi Nairobi bila kuitilia maanani. Usiku wa kwanza nje ya Masalani, mji wa Ijara, mbali na taa ya mwisho ya mji, ndipo nilipong'amua kwamba kijitabu kile hakikuandikiwa mtu wa huku. Ijara iko nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta. Kutubu, yaani hiyo Nyota ya Kaskazini, ambayo wapigapicha wa Ulaya na Marekani huanza nayo kazi yao yote, huku imezama chini ya upeo wa macho na haichomozi usiku wowote wa mwaka.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Nilitaka picha moja safi ya nebula ya Jabari (Orion), lile wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, ambamo nyota mpya zinazaliwa hadi sasa. Kwa macho matupu ni kama nyota yenye ukungu kwenye upanga wa Jabari, karibu na zile tatu zilizojipanga mstari. Nikaandika mpango wa siku nne: kila usiku saa tatu za kupiga, picha 180 za dakika moja moja, kisha kazi ya kompyuta. Ijara niliichagua kwa giza lake. Januari niliichagua kwa kuwa ni Jilal, msimu mkavu wa wafugaji, mawingu ni haba na Jabari hupita karibu kabisa na utosi. Kwenye karatasi hakuna kilichopungua.

Ardhini, siku ya kwanza ilikwisha kabla sijafungua begi. Ijara inapakana na msitu wa Boni, ambako operesheni ya usalama ya Linda Boni ilianzishwa mwaka 2015, na mtu aliyekaa gizani na bomba jeusi lililoelekezwa angani lazima ajieleze. Nilienda kwa chifu, nikaenda kituo cha polisi, nikakaa na wazee. Wote walinisikiliza, na kila mmoja aliuliza swali la haki: kwa nini hukuja kutuambia mwezi uliopita? Mpango wangu ulikuwa na mstari wa betri za akiba. Mstari wa kumwona chifu haukuwemo.

Usiku ule ndipo likaja suala la mhimili. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo ukiacha kamera wazi dakika nzima kwenye stendi isiyosogea, kila nyota inageuka kistari. Dawa yake ni kijimota kinachoizungusha kamera polepole kuifuata anga, na mhimili wake lazima uwe sambamba na wa dunia. London mhimili huo umeinuka zaidi ya nyuzi 50. Ijara umelala, karibu sawa na ardhi, ukielekea ncha ya kusini ambako nyota ya kuongoza ni hafifu na imemezwa na vumbi la upeo. Kitako cha kifaa changu kiligoma kushuka hadi huko. Usiku ukapotea.

Asubuhi fundi mmoja wa ujenzi akaniazima kipande cha ubao na pima maji. Ubao chini ya mguu mmoja wa stendi, stendi nzima ikainama, mhimili ukalala unavyotakiwa. Ikabaki kusini kamili. Mzee mmoja mwenye ngamia, aliyekuwa akinitazama nikihangaika na dira iliyochezacheza karibu na gari, akauliza, "Mwalimu, unatafuta nini hapo chini?"

"Natafuta kusini, mzee. Kusini yenyewe."

"Kibla iko kule," akasema akinyoosha fimbo. "Sasa kusini itapotelea wapi?"

Masalani na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tofauti haifiki nyuzi mbili. Anayeswali Masalani anaelekea kaskazini, na kusini iko mgongoni pake mara tano kwa siku. Mzee akaongeza kwamba zile tatu za Jabari huzama magharibi barabara, nami nikakesha mpaka karibu saa kumi alfajiri nikaona ni kweli. Tukapanga mawe manne kwenye mchanga, na stendi haikuhama tena.

Usahihi huo haukutosha kwa dakika nzima, kwa hiyo nikashuka hadi sekunde 30. Usiku wa tatu upepo ulivuma na vumbi likakaa kwenye lenzi. Usiku wa nne anga lilikuwa safi, jeusi kama masizi, na hatimaye nikapiga.

Kilichobaki ni kazi ya mezani, nayo ndiyo nusu ya upigaji. Picha moja ya sekunde 30 imejaa chenga, hasa kwenye usiku wa joto kama wa Ijara, maana joto la kamera lenyewe huzaa chenga. Programu ya bure kama Siril hulinganisha nyota za kila picha, huzipanga moja juu ya nyingine na kuchukua wastani. Picha 100 hupunguza chenga mara kumi. Ukitaka zipungue mara ishirini unahitaji 400. Unapiga pia picha kadhaa ukiwa umefunika lenzi, ili programu ijue chenga za kamera na kuziondoa. Kitovu cha nebula huungua haraka, ndiyo maana unakipigia picha fupi za ziada na kuziunganisha baadaye. Wekundu wa haidrojeni ulinitoka mwembamba, kwa sababu kamera za kawaida zina kichujio kinachouzuia. Henry Draper, aliyeipiga nebula hii picha ya kwanza Septemba 1880, alifungua kamera dakika 51, na mwaka 1882 akafika dakika 137. Naye alikuwa akirudia na kurekebisha.

Nimefikiria sana kuhusu ikweta ile iliyonishinda usiku wa kwanza. Kusini ya hapa, Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa lao la San Marco baharini kwa sababu ya ikweta hiyohiyo: roketi hupata msukumo wa bure wa mzunguko wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka kutoka pale setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru. Mpango ule ulianzia kwenye mahali. Wangu ulianzia kwenye kijitabu, na mahali nikapaongeza mwishoni. Hata hapa Ijara upo mpango ulioanzia kwenye mahali: hifadhi ya Ishaqbini, iliyoanzishwa na jamii yenyewe, iliweka swala 48 aina ya hirola ndani ya uzio mwaka 2012, na baada ya miaka michache wakapita mia.

Walimu wa Masalani, Sangailu na Hulugho, kamera moja ya shule inatosha kuanza. Mwoneni chifu kwanza. Katikati ya Januari Jabari hufika karibu na utosi kama saa nne usiku, katikati ya Februari kama saa mbili. Ubao, pima maji na kibla mnavyo tayari.