Je, Wajua? Mbu wa Lupiro, ng'ombe na kromosomu iliyopinduka

Ng'ambo ya mto Kilombero ukitoka Ifakara, huko Lupiro nchini Tanzania, mbu aina ya Anopheles arabiensis hunyonya watu na ng'ombe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini tofauti kwenye kromosomu ya 3: mpangilio wa kawaida ulionekana zaidi kwa mbu waliokutwa na damu ya ng'ombe tumboni. Kwa wengine, kipande kiitwacho 3Ra kilikatika zamani, kikapinduka, kikaungwa tena. Jeni za kipande kilichopinduka hurithiwa kwa fungu, nzuri na mbaya. Kwa nzi wa matunda, kwa mfano, jeni zenye madhara hujificha humo vizazi na vizazi. Na tofauti hiyo ya mbu wa Lupiro ina uzito, kwani mbu anayenyonya ng'ombe zizini hagusi chandarua chako.