Kompyuta Ikiganda, Karani Ana Kosa Gani?



Mwaka jana niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai hapa Uganda kusikiliza shauri la karani wa mizani. Wachumaji walilalamika kuwa kilo zao hazilingani na vikaratasi. Mmoja alipima kilo 31, kompyuta ikaonyesha 3. Mwingine alipima 22, ikaonyesha 222, naye huyo hakulalamika! Meneja akaamua kuwa karani ni mzembe, akatwe mshahara.

Mimi niliishia darasa la saba, kompyuta sikufundishwa. Lakini nilikaa nyuma ya karani yule nusu siku nzima. Anabonyeza namba, haionekani. Anabonyeza tena, kimya. Mara zote zinamwagika kwa pamoja.

Sababu ni kwamba programu ya mizani haiko kiwandani. Imo ndani ya kompyuta ya kampuni mjini, na anachokiona karani ni picha yake tu inayoletwa na mtandao. Kila namba anayobonyeza husafiri mpaka kule, huandikwa kule, ndipo picha irudi. Njia ikiwa mbovu, namba huchelewa. Ikipitia setilaiti zile za kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi ni kama nusu sekunde, na hapo hakuna fundi wa kuiharakisha.

Basi tulijaribu. Karani akafungua Notepad ya kompyuta yake mwenyewe, nje ya lile dirisha la mbali, akaandika. Herufi zilitoka papo hapo. Kibodi nzima, vidole vizima. Fundi akapima njia kwa ping: milisekunde 400 na zaidi, na nyingine hazikurudi kabisa. Akachomeka waya badala ya kutegemea mtandao wa hewani, akapunguza rangi na kuondoa picha ya mapambo. Kazi ikawa nafuu, ingawa si sana.

Wakati mwingine ubovu uko kwa watengenezaji wenyewe. Februari 2025, sasisho la Windows Server 2025 liligandisha madirisha ya mbali; kibodi na mausi havikujibu mpaka mtu akate na kuunganisha upya. Microsoft ilikiri, na dawa ikatoka Aprili. Je, makarani wangapi walikaripiwa miezi ile?

Makarani, dirisha likiganda ondoeni mikono. Mkiendelea kubonyeza, yote yatamwagika baadaye. Funga dirisha bila kuchagua kutoka kabisa, kisha unganisha upya. Kwa kawaida kazi utaikuta ilipokuwa. Kama herufi zinaleta amri za ajabu, huenda Ctrl au Alt imenasa: zibonyeze mara moja moja uziachie. Na kila kuganda, andika saa na dakika katika daftari.

Karani wetu alikuwa na daftari hilo, kurasa kumi na moja. Tuliliweka mezani mbele ya meneja pamoja na vipimo vya fundi. Fedha zilizokatwa zilirudishwa, na kilo za majuma mawili zikahesabiwa upya kutoka kwenye vikaratasi, wachumaji wawili wakiwa wamesimama pale pale wakitazama.