Mutoto akianguka na kinga, usifikiri malaria tu

Leo tunazungumuza juu ya kinga, ni kusema baiskeli. Labda utauliza: "Kinga iko na kazi gani hapa tunapopima watoto?" Ngoja, usikie.

Kinga katika maisha yetu

Hapa Kisangani nani hajui kinga? Wakati wa vita, toka 1998 mpaka 2003, mafuta ya gari ilikosekana, na watu wengi wa muji walitembea kwa toleka. Neno hilo ni la Lingala, maana yake "tupite". Kijana anafunga kiti laini nyuma ya kinga, anabeba mutu toka Mangobo mpaka sokoni Makiso, na jioni anarudi nyumbani na unga na chumvi. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini kinga haikuisha. Inabeba makala, mihogo, ndizi na sombe. Watoto wengi wamesoma kwa nguvu ya miguu ya baba yao.

Na pale penye kinga hapakosi mashindano. Hakuna mutu anayeyapanga. Kazi imeisha, vijana wawili wanakutana barabarani, mumoja anasema: "Unaweza kunipita?" Basi, wameondoka. Watoto wanawaangalia, kesho yake wanakamata kinga ya baba na kushindana vilevile. Wengine ni wafupi, hawafiki kwenye kiti, wanapitisha muguu chini ya chuma cha katikati. Mara nyingi freni haiko, wanasimamisha kinga kwa kukanyaga pine na sandali. Anayeshinda anapata chupa ya limonadi, ao jina tu.

Hatusemi kinga ni mbaya. Inatia mwili nguvu, na inaleta chakula nyumbani. Lakini kuna jambo moja kila mama anapaswa kulijua.

Ugonjwa unaodanganya

Tuseme mutoto wa miaka 10 ameanguka siku ya posho katika mashindano. Kichwa kimepiga chini. Amezimia kidogo, kisha ameamuka, amepangusa vumbi, amecheka na wenzake. Nyumbani ananyamaza, sababu kinga ya baba imepinda na anaogopa fimbo. Usiku anasema kichwa kinamuuma. Asubuhi anatapika, anasinzia. Mama anafikiri nini? Malaria! Anamupa dawa ya malaria, anangoja.

Lakini ndani ya kichwa mushipa umepasuka. Damu inatoka polepole. Mufupa wa kichwa ni mugumu, hauwezi kupanuka, kwa hiyo damu inabana ubongo. Dawa ya malaria haisaidie kitu hapo. Saa zinapita, na mutoto anaweza kufa ao kubaki kilema, wakati munganga angeweza kumusaidia kama angefika mapema.

Hata muforomo anaweza kudanganyika kama hakuna aliyemuambia kwamba mutoto alianguka. Atapima damu, na pengine atakuta vidudu vya malaria kweli, sababu hapa kwetu watoto wengi wanavyo katika damu hata siku wasipougua.

Kwa hiyo, mama, kila mara mutoto mukubwa anatapika ao anaumwa kichwa, muulize: "Ulianguka jana ao juzi?" Usimuulize na fimbo mukononi. Mutoto mwenye woga atasema hapana. Ongea na baba yake pia. Kinga iliyopinda, fundi atainyoosha. Na ukifika hospitali, sema habari ya kuanguka kwanza, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Alama za hatari

Mutoto aliyepiga kichwa umupeleke hospitali mara moja, hata usiku, kama:
1. Alizimia, hata kwa muda mufupi.
2. Anatapika tena na tena.
3. Kichwa kinaendelea kuuma zaidi na zaidi.
4. Anasinzia sana, ni vigumu kumuamusha.
5. Anasema maneno yasiyoeleweka, ao hakumbuki alipokuwa.
6. Anatetemeka kama mutu wa kifafa.
7. Mukono ao muguu wa upande mumoja umelegea.
8. Mboni moja ya jicho ni kubwa kupita ingine.
9. Damu ao maji inatoka katika sikio ao pua.

Kama hana alama hata moja, umuangalie vizuri siku nzima na usiku wake. Anaweza kulala, lakini umuamushe kila saa 2 ao 3. Anapaswa kukujua na kujibu vizuri. Hata siku zinazofuata alama hizo zinaweza kutokea. Usimupe aspirini, sababu inazidisha kutoka kwa damu. Usimupe dawa ya usingizi. Usimukande kichwa.

Kama shingo linamuuma, ao hawezi kusogeza miguu, usimuketishe nyuma ya kinga. Mumulalishe juu ya ubao, watu wengi mumubebe pamoja, shingo lisipinde.

Usisahau tumbo na vidonda

Mara nyingi mwisho wa usukani unapiga tumbo. Mutoto aliyepata malaria mara nyingi anaweza kuwa na wengu kubwa, lile linalovimba chini ya mbavu upande wa kushoto. Linaweza kupasuka kwa pigo dogo tu. Kama tumbo linamuuma, anakuwa mweupe midomoni, anatoka jasho la baridi, ana kiu sana, usimupe chakula wala kinywaji. Mukimbize hospitali.

Vidonda osha na maji safi mingi na sabuni, utoe muchanga wote. Usiweke majivu, mafuta ya mashine wala mavi ya ngombe, sababu vinaweza kuleta tetanosi. Chanjo za utoto, za wiki 6, 10 na 14, zinamukinga, lakini nguvu yake inapunguka kwa miaka. Kwa hiyo leta mutoto mwenye kidonda pamoja na karti yake.

Namna ya kuzuia

Freni ikifa, itengenezwe mbele ya kitu kingine. Mutoto asishindane katika barabara ya magari na pikipiki. Mwenye uwezo anunue kaske, inakinga kichwa. Na wewe mama, ukipanda toleka na mutoto, funga kikwembe chako vizuri kisikamatwe na pine, na shika miguu ya mutoto mbali na vyuma vyembamba vya pine. Vinakata kisigino vibaya.

Maulizo ya kuzungumuza pamoja

1. Sababu gani watoto wanaficha kwamba walianguka?
2. Utajuaje kwamba kutapika kunaweza kutoka kwa pigo la kichwa?
3. Leo jioni, utamuambia nini kijana wako ili asiogope kukuambia?